Uzi: Kuwatafuta wazee wetu wa Mombasa katika karatasi. Fuata mali, ndoa na kesi kabla ya jina

#1 Mwanamvita (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, someni kwa nafasi.

Katika nyumba za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni mpaka Kuze na Mkanyageni, ni nadra kukosa kasha, sanduku la bati au mkoba wa ngozi wenye karatasi za marehemu. Ndani mna hati ya nyumba, wasia, barua zilizotoka Unguja au Lamu, cheti cha ndoa, labda na risiti za kodi. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata zile ambazo lugha yake ni Kiswahili kitupu, na vijana wengi hawazisomi. Nyumba ikiuzwa, warithi hugawana pesa, kila mtu akenda zake, na kasha likabaki kwa mafundi wanaokuja kubomoa. Serikali iliutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na watu wanajua kwamba mlango wa nakshi haung'olewi ovyo. Karatasi zilizo nyuma ya mlango huo hakuna anayezilinda isipokuwa sisi wenyewe.

Wengi wanaotaka kujua nasaba yao huanza na jina. "Babu aliitwa Mohamed bin Ali, nitampata wapi?" Hebu fikirini Mombasa ya 1910 ilikuwa na akina Mohamed bin Ali wangapi. Tena karani aliandika Mahomed leo, kesho Muhammad, na mtu ni yule yule. Ushauri wangu ni huu: uliza kwanza alimiliki nini, alioa kwa nani, na aligombana na nani. Serikali ya Sultani na ya Mwingereza baada yake iliandika watu pale palipokuwa na ardhi, kodi, ndoa, deni au ugomvi. Ukijua shamba lilikuwa upande gani, umeshapata njia.

Tuanze na ardhi, maana ndiko kwenye utajiri. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar uliingia mikononi mwa Waingereza kwa kukodishwa, na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila aliyesema shamba au kiwanja ni chake alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili wa hati. Ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Basi watu walipeleka walichokuwa nacho: hati za kadhi, mashahidi, maelezo ya nani alirithi kwa nani, mpaka wa kaskazini ni shamba la fulani, wa kusini ni njia ya kwenda kisimani. Mstari mmoja wa mpaka waweza kukupa majina ya majirani watatu wa babu yako, na mara nyingi jirani ni mkwe.

Lakini someni madai hayo mkijua yanaficha nini. Sheria ile ilimtambua mtu mmoja mwenye hati, haikuutambua umiliki wa pamoja wa ukoo. Wamijikenda waliolima mahali kwa vizazi walitoka mikono mitupu, na mizizi ya uskwota wa Pwani iko hapo. Jina kutokuwamo katika daftari la 1908 si ushahidi kwamba watu hawakuwapo.

Pili, kadhi. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ni ya 1906, kwa hivyo madaftari yana zaidi ya karne. Faili za mirathi ni bora zaidi, kwa sababu fungu la kila mrithi lazima litajwe. Mke wa pili aliyekuwa Takaungu, binti aliyeolewa Pemba, mtoto aliyekufa kabla ya baba yake, wote humo watajwa. Na hati za wakfu vilevile: mtu akiiweka nyumba wakfu kwa msikiti au kwa kizazi chake, huandika kizazi hicho ni akina nani. Kamisheni ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa.

Tatu, gazeti rasmi la serikali. Lilianza 1899, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka bure kwenye mtandao. Humo mna matangazo ya mirathi, ya viwanja, ya leseni. Jaribu kutafuta jina la mtaa badala ya jina la mtu.

Nne, Nyaraka za Taifa, lile jumba la Moi Avenue Nairobi lililokuwa benki zamani. Idara yenyewe imeundwa kwa sheria ya 1965. Faili za ofisi za ukoloni za kwetu zimo katika mafungu mawili makubwa: ya mkuu wa jimbo, yanayoandikwa PC/Coast, na ya mkuu wa wilaya, DC/MSA. Faili zilizotimiza miaka 30 kwa kawaida huruhusiwa kusomwa. Idara ina ofisi yake Mombasa pia, anzieni hapo mpate maelekezo kabla ya kupanda gari la Nairobi.

Na mambo ya kabla ya 1895? Seyyid Said aliutwaa mji kwa Wamazrui mwaka 1837, na tangu hapo barua za maliwali wetu zilikwenda Unguja. Anayetafuta wazee wa zama zile asisahau Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani.

Haya, ulizeni.

#2 Mjukuu wa Kisauni

Shukran sana, ami. Lakini sisi wa Frere Town tufanyeje? Wazee wetu hawakuwa na shamba wala nyumba ya kuweka wakfu. Waliokolewa utumwani baharini, wakapewa majina ya Kizungu. Nyanya alikuwa akisema tumetoka "bara ya mbali", basi. Hiyo fuata mali itatusaidia nini sisi?

#3 Mwanamvita

Mwanangu, swali lako ni zito, na nafurahi umeliuliza mapema.

Kwenu nyinyi karatasi ni za kanisa. CMS, chama cha wamisheni wa Kianglikana kutoka Uingereza, walianzisha Frere Town mwaka 1874 na 1875, wakaipa jina la Mwingereza Bartle Frere, kwa ajili ya watu waliokamatwa na manowari za Kiingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wamisheni waliandika sana: ubatizo, ndoa, shule, nani kahamia Rabai, nani kapewa kazi gani. Vitabu vya parokia viko huku, ombeni kwa wazee wa kanisa. Barua na ripoti zilizopelekwa makao makuu zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ukiwaandikia barua pepe ukitaja mwaka na kituo, unajua la kuomba.

Kabla yenu kulikuwa na Wabombei, waliookolewa wakiwa watoto wakasomeshwa Nashik, India, halafu wakarudishwa kuja kuijenga misheni. William Jones na Ishmael Semler ni miongoni mwao. Jacob Wainwright naye alisoma Nashik. Alikuwa katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, akausindikiza hadi London ulikozikwa mwaka 1874, na shajara aliyoandika ipo hata leo. Namtaja kwa sababu moja: watu wenu walikuwa waandishi. Usikubali mtu akwambie historia ya Frere Town iliandikwa na Wazungu peke yao.

Kwa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, iko njia nyingine. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza aliwalipa mabwana, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni wakapewa vyeti vya uhuru. Cheti kama hicho kikiwa bado kiko katika familia, ni kitu cha thamani kubwa, msikiache kikae mfukoni. Kisha mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria, na bwana aliyetaka fidia ilibidi adai. Hapa ndipo jambo linapouma: huenda jina la mzee wako ukaliona katika dai la mtu aliyemwita mali yake. Nimewaona watu wakitokwa na machozi mbele ya karatasi za namna hiyo. Jina likiwa pale, lichukue. Ni lake, na sasa ni lako.

Nyanya yako yu hai? Kama yu hai, muulize nyimbo za kulaza watoto, majina ya vyakula, miiko ya ukoo. Karani hakuyaandika hayo, na huenda yakakutajia bara ya mbali ni wapi.

#4 Bi Mkanyageni

Mashallah, uzi mzuri. Nataka kutilia nguvu habari ya wanawake. Mumesema mirathi, sawa. Lakini mama zetu walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ile ngoma ya wanawake. Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na uongozi, michango, sare na mashindano. Picha zake ziko majumbani, na wanaojua waliomo pichani wanatuondokea. Mimi nimeona albamu nzima imerithiwa na mtu asiyemjua hata mmoja.

#5 Mwanamvita

Bi mkubwa, hapo umegusa penyewe. Picha isiyo na majina hufa pamoja na anayezijua sura zake. Tafadhalini, wiki hii, kabla ya skani na kabla ya kitu chochote, kaeni na mama au shangazi, mbandue picha mojamoja, muandike nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, arusi ya nani, takriban mwaka gani. Kalamu ya wino hapana, hupenya ikachafua uso wa picha. Na simu iwe inarekodi sauti wakati huo huo, kwa sababu jina moja huvuta kisa, na kisa huvuta wengine watatu. Nyimbo za mashindano zile, zenye mafumbo ya kumpiga mwenzio, zirekodiwe na maelezo yake. Fumbo lisiloelezwa leo halitaelezwa tena.

#6 Wa Majengo

Sisi watu wa bandarini je? Babu yangu alikuja kutoka bara akawa kuli Kilindini, akafia Majengo. Hatuna shamba Mombasa wala mirathi kwa kadhi.

#7 Mwanamvita

Ndugu yangu, tafuta kipande. Sheria ya kuandikisha wafanyakazi wa Kiafrika ni ya 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume mtu mzima alibeba kitambulisho chenye alama za vidole na majina ya waajiri wake. Kilikuwa chombo cha dhulma, watu wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na leo ndicho kinachokueleza babu alitoka lokesheni gani na mkuu wake alikuwa nani. Angalieni pia kadi za chama cha wafanyakazi, bahasha za mshahara, barua za kustaafu.

Kisha kuna migomo. Baada ya mgomo wa 1939 iliundwa tume ya Willan, na baada ya ule mkubwa wa Januari 1947 likaja baraza la Thacker. Ripoti hizo zinaeleza mishahara, kodi za vyumba, watu wangapi wanalala chumba kimoja. Jina la babu labda halimo, lakini chumba chake kimo. Mimi naziona kuwa historia ya Majengo iliyo wazi kuliko nyingi tulizoandikiwa. Na viongozi wa African Workers' Federation, akiwemo Chege Kibachia aliyekamatwa mwaka huo huo wa 1947, wana mafaili ya serikali. Aliyekuwa mwanachama wa kawaida aweza kutokea katika orodha ya waliohudhuria mkutano.

#8 Kijana wa Jomvu Kuu

Maalim, mimi nina karatasi mbili za babu mzaa babu. Moja inamwita Mswahili, ya pili Mwarabu. Mtu mmoja, kiwanja kimoja. Ndugu zangu wanagombana sasa, wengine wanasema babu aliikana kabila yake.

#9 Mwanamvita

Msigombane. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na kila kundi lilikuwa na kodi yake, mahakama zake na haki zake. Mwarabu alihesabiwa si mwenyeji. Mtu wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ambaye wazee wake wamezikwa kisiwani humu tangu enzi za Wareno na kabla yao, alisukumwa huku na huku kwa mujibu wa karani na mwaka. Familia zilijiandikisha kwa namna ya kujikinga. Kwa hivyo neno lililo kwenye fomu linakueleza sheria ya mwaka ule zaidi ya linavyokueleza moyo wa babu yako. Ukitaka kujua alijihesabu nani, tazama karatasi ambazo hakumwandikia mkoloni: barua kwa ndugu, wasia, hati ya kadhi. Je, humo kajitaja kwa taifa gani? Mjomvu, Mkilindini, Mtangana? Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na ndugu zako.

#10 Mzee wa Baghani

Yote mema, lakini mimi nasema msipeleke karatasi zenu popote. Zikitoka hazirudi. Mashairi ya Muyaka yako wapi? London. Mafaili yetu yalikuwa wapi miaka yote hii? Uingereza.

#11 Mwanamvita

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ina haki yake, na mafaili ni kweli. Mwaka 1963 Waingereza waliondoka na mafaili ya Kenya kama 1,500, wakayaficha, na hayakukubaliwa hadharani mpaka 2011, wazee wa Mau Mau walipowashtaki London. Sasa yanasomwa Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza. Hasira juu ya hilo ni halali kabisa.

Ila kwa Muyaka naomba nipinge kwa adabu. Muyaka bin Haji alifariki 1840, na beti zake zilibaki vifuani mwa watu. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, akamwandikia yule mmisheni William Taylor, na Taylor akazihifadhi. Zimo SOAS leo, chuo cha Chuo Kikuu cha London. Lau Mwalimu Sikujua hangekaa na kalamu, tungekuwa na beti ngapi? Uchungu wangu si kwamba ziliandikwa wala kwamba zimetunzwa. Ni kwamba nakala nyingine haikubaki hapa.

Basi mimi nafuata mfano wa Msikiti wa Riyadha, Lamu. Maandishi yao ya kale yalipigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library, nakala zikawekwa kwenye mtandao kwa kila mtu, na vitabu vyenyewe havikuondoka msikitini. Familia ikae na asili. Nakala ipelekwe makumbusho ya Fort Jesus, nyingine iende kwa ndugu aliye mji mwingine. Mkiamua kutoa asili, iwe kwa maandishi: mnatoa kama amana au kama zawadi, nani aruhusiwe kusoma, na mkiitaka mtaipataje. Bila karatasi hiyo msikabidhi kitu kwa mtafiti yeyote, hata awe mpole namna gani.

Na jambo ambalo watu wa Mombasa tunalijua lakini hatulisemi: ndani ya makasha yetu mna habari za nani alikuwa mtumwa wa nani. Tunaishi mtaa mmoja, tunaoana. Hifadhini kila karatasi, msichome hata moja kwa aibu. Ila kuhifadhi si kutangaza. Habari ya ukoo wa mwenzako usiibandike hadharani bila idhini yake.

#12 Binti wa Ndia Kuu

Zetu zimeanza kuliwa, na zina madoa ya kahawia. Nizipeleke zikatiwe plastiki?

#13 Mwanamvita

Hapana, tafadhali. Laminesheni haiondoki tena, na joto lake linaharibu wino. Selotepu nayo ni adui, gundi yake hugeuka manjano ikaila karatasi.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na adui mkubwa ni huo unyevu. Zitoe kwenye mifuko ya nailoni iliyofungwa, maana hutoa jasho ndani. Zilaze bapa, ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi ukiipata, au karatasi nyeupe safi, kisha kwenye boksi. Boksi likae ghorofani, mbali na ukuta wa nje na sakafu, kwa ajili ya mchwa na mvua za masika. Jua la moja kwa moja usizianikie. Zenye wadudu, zifunge vizuri kwenye mfuko, uziweke kwenye friza wiki mbili, kisha uache mfuko nje siku nzima upate joto la kawaida kabla ya kuufungua, ili maji yasishike kwenye karatasi. Hapo tu ndipo nailoni inaporuhusiwa. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu, wapelekee watu wa makumbusho.

Simu inatosha kupiga picha. Kaa karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, piga kutoka juu, upande wa mbele na wa nyuma, hata kama nyuma hamna kitu. Jina la faili lianze na mwaka, kisha aina, kisha ukoo. Muhuri na stempu piga kwa karibu zaidi.

#14 Kijana wa Jomvu Kuu

Na tarehe za Kiislamu? Yangu moja imeandikwa 1320.

#15 Mwanamvita

Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622, utapata karibu. 1320 unakuja 1902, na kwa hakika mwaka huo ulianza Aprili 1902 ukaishia mwaka uliofuata. Kumbuka siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi jioni kwa kalenda ya ofisini. Hati ya kadhi na risiti ya serikali za tendo moja zikipishana siku, usidhani moja ni ya uongo.

Ukikwama kwenye hati, leteni hapa picha za zile zisizo na siri, ufunike majina ya walio hai. Humu wapo wazee waliosoma vyuoni enzi herufi hizo zilipokuwa ndizo za kuandikia kila kitu, na Mzee wa Baghani ni mmoja wao. Kijana, anza na ile ya 1320. Piga tena ule mwisho wake walipotia saini mashahidi, picha yako ya kwanza ina kivuli.